Mzee Alute na Mlio wa Pedali ya Unyambwa

Mzee Alute Damiani, fundi wetu, anastaafu Ijumaa hii ya tarehe 27 Juni 2025 baada ya kulitumikia Duka la Manji Redio na Muziki, hapa Singida mjini, kwa miaka thelathini na minne. Alipoanza kazi, redio ya mkulima ilikuwa na ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni na ilikula betri kama vile haijali zinatoka wapi. Leo redio imo ndani ya simu na simu imo mfukoni. Meza ya Mzee Alute, hata hivyo, iko palepale nyuma ya kaunta, karibu na dirisha, na bado inanukia risasi ya kulehemu na chai ya tangawizi.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika maneno haya ni Yasinta wa kaunta. Nimefanya kazi nikiwa nimempa mgongo mzee huyu kwa miaka mingi, kwa hiyo mengi ninayoyajua kumhusu niliyapata kwa masikio. Bwana Moez, mwenye duka, aliniagiza niandike ukurasa mmoja wa heshima, usio na utani mwingi. Ukurasa umezidi, na kuhusu utani nimejitahidi. Lakini wageni watauliza kwa nini jukwaani leo kuna pedali ya gitaa isiyounganishwa na waya wowote. Kwa ajili yao itabidi nieleze jinsi tone moja la grisi lilivyokaribia kumtoa Mama Evodia, mke wa Mzee Alute, kwenye kwaya aliyoimbia tangu usichana wake.

Tuanze na mwanzo. Mzee Alute ni mzaliwa wa Unyambwa. Ufundi aliupata Kintinku, kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio za wafugaji, na alipoona mjomba anatosha Kintinku yeye akaja mjini kutafuta kazi. Wakati huo duka lilikuwa chini ya marehemu Mzee Manji, baba yake Bwana Moez. Mzee Manji hakumuuliza cheti. Alimsukumia redio iliyokufa na kumwambia aifufue. Waombaji waliomtangulia walikuwa wameifungua redio hiyo mpaka utumbo, na mmoja aliomba apewe vipuri kutoka Dodoma. Alute aligeuza betri, redio ikaimba taarabu, akairudisha kwenye kaunta na kusalimia tena. Mzee Manji alikuwa amezipachika betri hizo kinyume kwa makusudi, na kijana akaanza kazi mchana uleule.

Redio zilipoanza kupungua, watu walimwonea huruma wakisema fundi sasa atakula nini. Hawakuhesabu kwaya. Kila kigango, kila usharika na kila kundi la harusi mkoani hapa lilianza kununua kinanda, spika na gitaa, na kila kilichonunuliwa kiliharibika kwa zamu. Mzee Alute akajifunza vyombo hivyo kimoja baada ya kingine, kwa kuvifungua na kuvitazama mpaka vione aibu na kueleza tatizo lao.

Chombo alichokipenda kuliko vyote ni pedali ya gitaa. Kwa asiyeijua, ni kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni mbele ya mpiga gitaa. Juu yake kuna swichi. Mpigaji akiikanyaga, sauti ya gitaa hubadilika, ikawa nzito au ya kulialia, na akiikanyaga tena inarudi kama ilivyokuwa. Swichi hiyo hupigwa viatu kila Jumapili, na ikikauka huanza kulia kwa sauti nyembamba ya kukwaruza meno. Kanisani, watu wakiwa wametulia, mlio huo husikika mpaka benchi la mwisho.

Hapa ndipo alizeti inapoingia. Sisi watu wa Singida tunaamini hakuna kisichopona kwa mafuta ya alizeti. Bawaba ikilia, alizeti. Mnyororo wa baiskeli ukikaza, alizeti. Cherehani, kufuli, kigoda, goti la bibi, yote alizeti. Basi na swichi za pedali nazo zikawa zinamiminiwa alizeti. Siku ya kwanza hunyamaza na mwenyewe hujiona fundi. Baada ya wiki kadhaa mafuta yale huchanganyika na vumbi letu na joto, yakaganda kama ulimbo, na swichi ikibonyezwa haitaki kurudi, au inalia upya. Kuna harusi moja ambapo gitaa lilikwama kwenye sauti ya mngurumo na kungurumia hotuba yote ya baba wa bibi harusi. Ndugu wa bwana harusi walidhani ni makusudi.

Mzee Alute alilichukulia jambo hili kama vita yake binafsi. Alinusa kila pedali iliyoingia kabla ya kuifungua. Mpiga gitaa mmoja wa Kiomboi alileta ya kwake ikinukia jikoni, na mzee akamuuliza kwa upole kama ndani mna vitumbua au ni maandazi. Mwishowe akachukua kipande cha mbao, akaandika kwa rangi nyekundu ALIZETI NI YA KUKAANGIA, akakipigilia juu ya meza yake. Wapo wateja waliodhani tumeanza kuuza mafuta.

Njia yake yeye ilikuwa nyingine. Alifungua sahani ya nyuma, akaitoa swichi, akalisugua shina lake kwa brashi ya meno iliyolowa spiriti mpaka utando wote ukatoka. Kisha aliweka grisi nyeupe kwenye ncha ya kijiti cha kiberiti, kiasi ambacho inzi angeweza kubeba, akaipaka pale tu chuma kinapopita kwenye chuma, mbali kabisa na njia ya umeme. Halafu alibonyeza swichi karibu na sikio lake, akafumba macho, akabonyeza tena. Akitabasamu ujue kazi imekwisha. Mkoa mzima ulijua kwamba swichi iliyopita mikononi mwake haisemi kitu.

Sasa fikirini aibu yake. Pedali iliyokuwa ikilia kuliko zote katika Singida nzima ilikuwa ya kwaya ya kigango chake mwenyewe, Unyambwa. Mpiga gitaa wao, Stanley, alikuwa mtu wa kusema ataileta wiki ijayo, na wiki ijayo yake haikuwahi kufika. Kila mara kabla ya kiitikio alikanyaga swichi, ikalia kwii, kisha gitaa likabadilika na kwaya ikaingia. Mzee Alute alikaa benchi la tatu akitazama viatu vyake.

Mwaka juzi kwaya iliandikishwa kwenye tamasha la kwaya huko Kiomboi. Mwalimu wa kwaya, Benjamin, aliona hatari ya vipaza sauti kuunasa mlio ule na kuutangazia wilaya nzima. Akamnyang'anya Stanley pedali, akaileta dukani mwenyewe. Mzee Alute hakumwambia mkewe. Alitaka iwe zawadi, kwa sababu Mama Evodia ndiye aliyeongoza sauti ya pili ya wanawake, na mzee alijivunia kwaya ile kuliko anavyokubali. Aliifanyia kazi pedali ile asubuhi nzima. Alipomaliza aliniita nisikilize. Nilisikiliza, sikusikia chochote, na alifurahi kana kwamba nimempigia makofi.

Jumapili wakafanya mazoezi baada ya misa. Wimbo ukafika kwenye kiitikio, Stanley akakanyaga, gitaa likabadilika vizuri kabisa, na hakuna aliyeimba. Kisha Mama Evodia akaingia akiwa amechelewa, na wengine wakamfuata mmojammoja, kila mtu na njia yake. Mwalimu Benjamin akasimamisha, wakaanza upya, ikawa vilevile. Mara ya tatu mwalimu alipunga mikono kama anayefukuza ndege kwenye mtama. Wanaume wa besi waliingia wakati sauti ya kwanza inatoka. Mzee Alute, kule benchi la tatu, aliwasamehe wote akidhani ni hofu ya tamasha.

Mazoezi yaliyofuata hayakuwa tofauti, na watu wakaanza kumtazama Mama Evodia, maana ndiye aliyekuwa akichelewa wa kwanza. Jioni moja alifika nyumbani, akalikunja joho lake la kwaya vizuri, akamkabidhi mumewe akimwomba alirudishe kwa mwalimu. Alisema ni magoti, hawezi tena kusimama muda mrefu. Magoti hayohayo yalikuwa yameshuka kisimani na kupanda na ndoo asubuhi ya siku ile. Mzee Alute aliketi akiwa na joho mapajani, akamwambia hatalipeleka popote mpaka aambiwe ukweli.

Ndipo mkewe akamwambia. Esta ni binti yao wa kwanza, na ndivyo anavyomwita mumewe; Evodia ni jina lake mwenyewe.

"Baba Esta, mkono wa mwalimu siuoni tena. Hospitali waliniambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mimi nilikuwa naingia kwa ile kelele ya pedali. Sasa imenyamaza, sijui nianzie wapi."

Alikuwa amekaa na jambo hilo kwa miezi bila kumwambia mtu, hata mumewe, kwa kuogopa kuvuliwa joho na kupelekwa kuketi na wazee wanaosikiliza. Kwaya ndiyo mahali pekee, alisema, ambapo hakuna aliyejua kuwa haoni. Mzee Alute alinisimulia haya kesho yake asubuhi, chai ikipoa, bisibisi hajaigusa. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama siku ile. Alikuwa amefanya kazi safi kuliko zote maishani mwake, na kazi hiyo ndiyo iliyomfungia mkewe mlango.

Habari ilipomfikia Mwalimu Benjamin, mengine yakajulikana. Sauti ya pili walimfuata Mama Evodia. Sauti ya kwanza walifuata ya pili. Wanaume waliingia walipoona wanawake wameingia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama mwalimu. Kwaya nzima ilimfuata Mama Evodia, na Mama Evodia aliifuata swichi. Mwalimu Benjamin aliyapokea hayo kiungwana, kisha akauliza kama mlio unaweza kurudishwa.

Mzee Alute alisema ataurudisha. Alidhani ni kazi ndogo. Mtu anayejua kuondoa kelele atashindwaje kuiweka? Aliifuta grisi yote kwa spiriti, swichi ikaendelea kunyamaza kwa usafi. Aliiacha dirishani siku kadhaa ili iingie vumbi, ikatoa mkwaruzo wa mchanga. Akamleta Mama Evodia dukani, mama akaketi kwenye kiti changu, mimi nikasimama, na kazi ikaanza. Mzee alibonyeza, mama akasikiliza, akatikisa kichwa. Mlio huu ni mnene. Huu ni wa panya. Huu unakaribia, lakini wa zamani ulikuwa ukipanda kidogo mwishoni. Wateja waliokuja kununua betri walibaki kutoa maoni. Bwana Moez alitoka ofisini na kupendekeza wajaribu kiti chake, ambacho kweli kinalia, lakini hakifai kubebwa kanisani.

Siku ya pili ya zoezi hilo Mama Evodia aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mzee ameweka alizeti.

Mzee Alute alimuuliza alizeti ya nini. Mama akaeleza kwamba pedali ilipokuwa mpya swichi yake ilikuwa ngumu, Stanley akilalamika mguu, na yeye akaitilia tone kutoka kwenye chupa ya jikoni, siku walipopika chakula cha mazoezi. Akalisahau, na harufu yake ilikwisha kabla pua ya mzee haijaifikia. Mlio ulianza miezi kadhaa baadaye na yeye ndiye aliyeuzoea kwanza. Mzee Alute aliinua macho taratibu akautazama ubao wake mwekundu. Bwana Moez alicheka mpaka akavua miwani akaifuta, na sisi wengine tulifanya kama tunapanga bidhaa.

Mtu mwingine angeleta ubishi. Mzee Alute alinituma genge la jirani, nikarudi na alizeti kwenye kifuniko cha chupa. Akachovya kijiti chake cha kiberiti, akaipaka swichi kwa uangalifu uleule anaoupa grisi, kwa uso wa mtu anayeasi dini yake. Kisha akaianika pedali juu ya bati nyuma ya duka, jua la Singida lifanye kazi yake. Kila jioni aliishusha, akaibonyeza, akaipandisha tena kesho yake. Majirani walituuliza kama tumeanza kukausha vyombo vya muziki kama michembe ya viazi.

Jioni moja ikalia. Ilikuwa kwii nyembamba, yenye kupanda mwishoni. Mama Evodia aliinua kichwa. Aliimba. Akiwa ameketi kwenye kiti changu, mbele ya mteja aliyeshika taa ya sola, aliingia kwenye kiitikio palepale kinapotakiwa, peke yake, kwa sauti yote, mpaka ubeti ukaisha. Mzee Alute aligeukia dirisha na kuanza kupangusa meza iliyokuwa safi. Nami nililia, sina haja ya kuficha.

Kesho yake nilikuta ubao umeongezwa maneno kwa chini, kwa herufi ndogo. Sasa unasomeka ALIZETI NI YA KUKAANGIA, na ya pedali ya Unyambwa.

Tamasha la Kiomboi hawakushinda, kombe lilikwenda kwa wenyeji, lakini hakuna aliyechelewa kuingia hata mara moja. Baada ya kuimba, fundi mitambo mmoja wa hukohuko alimfuata Mzee Alute kwa wema kabisa, akamnong'oneza kwamba pedali yao inalia vibaya na wasione aibu, waipeleke Singida mjini, Duka la Manji, kuna mzee pale atainyamazisha mara moja. Mzee alimshukuru na kuahidi kumtafuta.

Mwishoni mwa mwaka jana Stanley alihamia Kintinku kufundisha, na nafasi yake ikachukuliwa na Enock. Enock anapiga vizuri, ila alikuja na pedali yake mpya, pana kama sinia la pilau, yenye taa za rangi na swichi laini zisizotoa hata pumzi. Hofu ikarudi palepale. Mama Evodia alianza tena kuzungumzia magoti. Safari hii Mwalimu Benjamin hakusubiri. Alikuja dukani na pedali ya zamani kwenye mfuko wa rambo, akaiweka mezani kwa Mzee Alute, akaweka na joho jipya juu yake.

Hivyo ndivyo Mzee Alute alivyoingia kwaya akiwa na miaka hamsini na tisa. Huketi mwisho wa mstari wa sauti ya pili, kando ya mkewe, mwanamume peke yake kati ya wanawake. Pedali iko miguuni mwake, haina waya, haina betri, haibadilishi sauti ya kitu chochote duniani. Kiitikio kikikaribia, anakanyaga. Sharti la mwalimu lilikuwa moja, kwamba asifungue mdomo, na sisi tuliomsikia akiimba huku akilehemu tunaliunga mkono. Pasaka alinyoosha mguu uliokuwa umekufa ganzi, swichi ikalia mapema, na kwaya nzima ikaingia katikati ya gitaa la Enock. Mwalimu Benjamin hakuwa na la kufanya ila kuwafuata.

Bwana Moez alimsihi abaki nasi mwaka mmoja zaidi. Mzee alikataa kwa heshima. "Nina kazi nyingine sasa, na hiyo hakuna wa kunishikia," alisema. Mazoezi ni Jumatano na Ijumaa. Humshika mkewe mkono mpaka kanisani, na asubuhi na jioni humtilia dawa ya macho, tone moja kila jicho. Mama Evodia anasema hajawahi kutiliwa hata nusu tone zaidi, na sisi tunaojua kile kijiti cha kiberiti tunaamini.

Meza yake inakwenda kwa Jesca, fundi aliyefanya naye kazi miaka hii ya mwisho. Ubao unabaki ukutani. Duka linampa dumu la alizeti la lita ishirini, la kukaangia, na kidogo kwa ajili ya pedali, asimwambie mtu.

Mzee Alute, ahsante kwa redio ulizofufua, kwa wateja uliowaeleza bila kuwadharau, na kwa kutufundisha kukiri kosa hata likiwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kichwa chako. Shikamoo. Nenda salama, wewe na Mama Evodia, mkaishi kwa amani na afya Unyambwa, na Mungu awazidishie miaka ya kuimba.

Wageni wetu, baada ya chakula kwaya itasimama. Kabla ya kiitikio mtasikia mlio mdogo kutoka mstari wa pili. Msigeuke kutafuta kilichoharibika, mtazameni Mama Evodia anavyoinua kichwa.

Haya mzee, tuko tayari. Kanyaga.